Sifa za Mama, Kutoka Utosini Hadi Unyayoni

Mtanisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu hulala upande kama majani yaliyokanyagwa, na tahajia yangu niliiacha darasa la nane, shule iliponiacha. Halafu naandika polepole. Wali unaweza kuiva jikoni nami niko kwenye sentensi ileile. Mkikuta neno limeharibika, lisomeni kwa sauti, pengine mtasikia nililotaka kusema.

Mimi ni mtu wa Kwale, Mwislamu, na nafanya kazi za nyumbani Saudia. Ikama yangu, yaani kibali cha kukaa, iko kwa kampuni ya kukodisha wafanyakazi. Kampuni ndiyo iliyonipeleka kwa familia ya Wahindi, kwanza Riyadh, kisha Jeddah bosi alipohamishwa kazi. Ni nyumba ya watu watatu: bosi, ambaye ni mhandisi, madam, mkewe, ambaye ni mwalimu, na mama yake bosi, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu. Huyo mzee ndiye niliyeletwa kumtunza. Mimi humwita Bibi, naye huitika ingawa hajui maana yake. Yeye anajua Kitamil tu. Mimi nina Kiingereza cha shule ya msingi na Kiarabu cha jikoni. Kwa hiyo kati yangu na Bibi hakukuwa na neno hata moja la kupeana.

Labda ningekuwa mtu wa kuuliza, mambo yasingefika yalipofika. Lakini mimi nina haya. Utotoni nikitumwa dukani na kukuta watu wamejaa, nilirudi mikono mitupu nikasema duka limefungwa.

Asubuhi ya kwanza kule Riyadh, kwenye nyumba yao ya Malaz, madam alinionyesha bafu, kiti cha plastiki, ndoo na kopo. Akasema, "Mwogeshe vizuri," akaenda zake shuleni. Bibi akakaa kitini. Akafumba macho, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaanza kusema. Hakusema kama mtu anayeongea. Maneno yalikuwa marefu, yameshikana, yanapanda na kushuka kwa mizani, na mwisho wa kila fungu anavuta pumzi. Kisha mkono ukashuka kwenye paji la uso, akasema fungu jingine. Kisha nyusi.

Nikajua haya ni maagizo. Sisi wenyewe udhu wetu una mpango, hiki kabla ya kile. Nikasema moyoni, kumbe na Wahindi wana mpango wao, tena mrefu kuliko wetu. Basi alipogusa kichwa nikamwagia maji kichwani. Alipogusa nyusi nikazisugua kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine. Bibi akafumbua jicho moja akanitazama. Nikadhani nimekosea, nikasugua tena. Akafumba lile jicho, akaendelea. Macho, masikio, mashavu, pua, midomo, shingo, mabega, kifua, kiuno, mapaja, magoti, mpaka kucha za miguu. Alipomaliza hapo akafanya ishara ya kikombe, yaani kahawa. Kabla ya hapo hakuwa ametia hata maji mdomoni.

Tukaishi hivyo, mimi na ndoo yangu na yeye na maneno yake. Chakula chake madam alikipika kwenye sufuria ya peke yake, ambayo mimi sikuruhusiwa kuigusa hata kuiosha. Mwili wake niliugusa wote, sufuria yake hapana. Hilo nalo sikulielewa, nikaliacha lilivyo.

Siku moja ya mapumziko madam aliniuliza jikoni, "Mnaelewana vipi na Amma?" Amma ndivyo wanavyomwita wao.

"Vizuri, madam. Kila siku ananielekeza namna ya kumwogesha. Anaeleza kwa urefu sana."

"Anaeleza nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono: hapa, halafu hapa, halafu hapa. Madam aliweka kisu chini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, bakuli la vitunguu likiwa limemwagika mapajani mwake.

"Njoo!" akamwita mumewe. "Njoo usikie! Mama yako anatoa mafunzo ya kuoga kwa Kisanskriti!"

Bosi alikuja na miwani mkononi. Yeye hakucheka sana. "Ile ni sala," akaniambia taratibu. "Ni shairi la zamani, la lugha ambayo leo huwezi kununulia kitu sokoni. Linamsifu Mama."

"Mama yako, bosi?"

"Mama wa wote. Mungu, akiwa Mama. Linasifu uzuri wake kiungo kwa kiungo, kuanzia juu kwenda chini. Mama yangu alifundishwa na bibi yake, na tangu hapo hali kitu mpaka afike kwenye miguu. Akianza, lazima afike. Hawezi kumwacha Mama katikati."

"Mwambie linasema nini," madam akasema, bado anapangusa machozi.

Bosi akajikuna shingo. "Kwenye nywele linasema ni nyeusi hata usiku huja kuazima weusi kwake. Kwenye nyusi, akizikunja kidogo tu dunia inasimama kungoja kosa lake ni lipi. Macho ni marefu, yanataka kwenda kuyanong'oneza masikio. Halafu hapa," akagusa karibu na kifua chake, akaangalia friji. "Hapa linasema ana maziwa ya kuitosha dunia."

"Ndivyo linavyosema?" madam akauliza.

"Takriban hivyo."

"Na kiuno?"

"Kiuno ni chembamba mpaka mshairi anauliza kama kweli kipo. Halas, imetosha, nina kazi." Akaenda.

Nilibaki na vitunguu. Sikuweza kulipanga lile jambo kichwani. Sisi hatumwelezi Mungu kwa sura. Kiuno, nyusi, macho, hizo ni sifa ninazozijua kutoka kwa wanawake wa kwetu wakimwimbia bi harusi ndani, milango imefungwa. Sasa hili ni sala na ni wimbo wa bi harusi kwa pamoja, na anayeimba ni bibi kizee asiye na meno ya nyuma, naye anamwimbia Mama yake. Na mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti pale na kopo, namwagia maji juu ya kila neno. Je, nilikuwa nasali bila kujua? Nikajiambia mimi naogesha tu. Kesho yake nikaogesha vilevile, kwa mpangilio uleule, kwa sababu Bibi alikuwa ameshauzoea. Lakini sasa masikio yangu yalisikia. Mkono wake ulipokuwa kwenye nyusi nilijikuta nangoja na mimi, kama ile dunia.

Jeddah tulipata nyumba Aziziya, ghorofa ya tatu, jua linaingia bafuni asubuhi. Huko ndiko kiharusi kilikomkuta Bibi. Aliporudi kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yameondoka yote. Hakuweza kumwita hata mwanawe. Mkono wa kushoto ulikuwa hai, ila bega lake lilikuwa bovu tangu zamani, haukupanda zaidi ya pua.

Na hakutaka kula. Daktari alimpa maji kwa kijiko akaona koo linameza vizuri. Siyo koo. Madam alimsogezea wali wa mtindi, Bibi akafunga midomo na kugeuza uso. Maji ya dawa alikunywa mchana, kidogo, kwa kulazimishwa, akilia. Bosi ndiye aliyejua sababu.

"Hali kabla hajasoma," alisema. "Na sasa hawezi kusoma."

Akajaribu kumsomea yeye. Alikaa kando ya kitanda akasoma shairi lote kutoka kwenye simu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kijiko kilipokuja, midomo ikafungwa. Akamwekea rekodi ya waimbaji wa kwao. Vilevile. Ilikuwa lazima litoke kinywani mwake mwenyewe. Na mimi nikajaribu kwa njia yangu: nilimwogesha kwa mpangilio wetu wa siku zote, nikikaa sana kwenye kila kiungo, nikidhani maji yatayakumbusha maneno. Alinitazama tu, kama mtu anayemtazama mwenzake akitafuta ufunguo kwenye mfuko usio wake.

Mashavu yake yakaingia ndani. Daktari akasema wiki ikiisha hivi, atatiwa mpira puani kwa ajili ya chakula. Bosi alipomweleza mama yake kwa Kitamil, Bibi alishika pua yake kwa ule mkono wa kushoto na hakuiachia.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa bafuni wawili tu. Maji yalikuwa yameniloanisha mtandio, nikauvua nikautundika, kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu. Nikapiga magoti mbele ya kiti kumfuta miguu. Kichwa changu kilikuwa mbele ya kifua chake. Nikahisi mkono umetua juu ya nywele zangu.

Na Bibi akasema. Fungu zima, kwa mizani yake, hakuna neno lililopinda. Nililijua kwa sauti, lilikuwa lile la nywele. Nikaganda na taulo mkononi. Mkono ukashuka kwenye paji langu la uso. Fungu la pili likatoka. Nyusi. Akapitisha kidole juu ya nyusi yangu moja, kisha ya pili, kama mimi nilivyomfanyia siku ya kwanza. Alipofika kwenye macho nilielewa kinachotokea, nikaruka nyuma mpaka ndoo ikapinduka.

Shairi likakatika. Bibi akabaki ameinua mkono hewani, mdomo wazi, na sauti zilizotoka sasa zilikuwa zile za mgonjwa, a-a-a. Siku hiyo pia hakula.

Nilimweleza bosi jioni, nikitazama zulia. "Hauwezi kufika kwenye kichwa chake mwenyewe," akasema, "ule mkono. Unafika kwenye chako, na maneno yake hufuata mkono." Kisha akasema mama yake huamini Mama yumo ndani ya kila mwanamke, kwa hiyo kwake si kosa. "Siwezi kukuamuru. Wewe una dini yako. Ukitaka nitaiambia kampuni ikupeleke nyumba nyingine, na nitasema maneno mazuri juu yako." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniomba. Angeniomba ingekuwa rahisi zaidi, ningekataa au ningekubali, ikaisha.

Kwenye ghorofa ya pili kuna mwenzangu wa Kenya, wa Kitale, Mkristo, anafanya kazi kwa Waarabu. Hukutana nami tukipeleka taka. Yeye hana haya hata kidogo. Nilimsimulia kwenye ngazi kwa sauti ya chini.

"Ngoja, ngoja," akasema. "Yaani anakusifu wewe? Nyusi zako?"

"Si mimi. Mungu wao."

"Lakini kwa uso wako. Aki we mpwani! Umekuwa mungu na bado unabeba taka?" Akacheka hadi akashika ukuta. Halafu aliponiona sicheki akaacha. "Sasa mimi kwetu hata sanamu ya Bikira pasta wetu hataki kuiona. Hiyo ningekataa. Ningemwambia, shosho, mafi, hakuna, mimi ni wa Yesu."

"Na asipokula?"

"Basi wamtie huo mpira."

"Ameshika pua."

Akachukua mfuko wangu wa taka akaubeba pamoja na wake. "Haki sijui," akasema. "Lakini ukienda, paka mafuta usoni. Mungu hawezi kuwa na ngozi kavu hivyo."

Nilikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Kwetu uso wangu haukuwahi kusifiwa. Shangazi alikuwa akisema uso huu ni wa kusaidia jikoni, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Zile nyusi mbili alizozigusa Bibi kabla sijaruka, nilizihisi mchana kutwa. Sikujua kama kilichonifukuza pale ni dini yangu au ni haya tu. Nilijiuliza nikiosha vyombo, nikajiuliza nikisali, na sala ikanichanganyikia, nikarudia rakaa.

Siku ya mwisho kabla ya mpira nilivua mtandio mwenyewe. Nilipiga magoti. Nikasema shahada kimoyomoyo, kisha nikainamisha kichwa.

Mkono ukaja. Nywele. Paji. Nyusi. Macho, nikayafumba. Masikio, mashavu, pua, midomo. Maneno yalikuwa yanatiririka, na sauti ya Bibi ilikuwa ya msichana. Shingo, mabega. Kwenye kifua aligusa nguo yangu kwa mbali, na mimi nikamkumbuka bosi akitazama friji, karibu nicheke. Kwenye kiuno nikasimama ili afike. Kiuno changu hakuna mshairi atakayeuliza kama kipo. Mapaja, magoti. Halafu mkono ukashuka, ukaishia hewani. Miguu yangu ilikuwa sakafuni, mbali naye.

Akakwama hapo. Alisema nusu ya fungu, akarudi, akasema nusu ileile, akarudi. Akainama mpaka nikaogopa ataanguka. Uso wake ulianza kukunjamana. Nilijua anachotaka, na ndicho ambacho hata bosi hakukifikiria. Alitaka mguu.

Nyinyi wa kwetu mtanielewa. Mimi nimelelewa kwamba mbele ya mtu mzima hunyoshi mguu hata ukiwa unaumwa. Nimeona mtoto akichapwa kwa kumvuka bibi yake aliyelala. Na kwao ni vivyo hivyo au zaidi, nimemwona bosi akiguswa na kiatu cha mtu kwenye lifti akajipangusa mara mbili. Nikaangalia ule mkono unaotafuta hewani. Nikashika bomba la ukutani, nikainua mguu wa kulia, umelowa, una mpasuko kwenye kisigino, nikauweka mapajani mwa Bibi.

Akaushika kwa mkono wake wote. Akaendelea.

Na madam akafungua mlango. Alikuwa amerudi mapema kwa ajili ya daktari.

"Wewe!" akapiga kelele. "Teremsha mguu! Ondoa mguu wako juu ya mama!"

Sikuuteremsha. Sijui nilipata wapi nguvu hizo, mimi ninayekimbia duka. "Bado vidole, madam," nikasema. "Hajamaliza vidole."

Ndipo akasikia. Akaegemea fremu ya mlango. Bibi alipitisha kidole gumba juu ya kucha zangu, moja moja, akisema fungu la mwisho, ambalo bosi baadaye aliniambia ni juu ya wafalme wanaoinama na kuona sura zao kwenye kucha za Mama. Alipomaliza alivuta pumzi. Akauachia mguu. Akafungua mdomo, akangoja kama kinda.

"Wali!" madam akasema, akikimbia na kujigonga kwenye ndoo. "Ngoja, Amma, wali!"

Alikula. Daktari alikuja akamkuta na mtindi kidevuni, akaufunga mkoba wake.

Tangu hapo ni kila asubuhi. Nguvu zimemrudia kidogo, na bosi anasema akiweza kupanda ndege atampeleka kwao, kwa binti yake, ambaye ndiye atakayekaa mahali pangu. Niliposikia hivyo nilipaswa kushukuru. Badala yake nilihisi wivu, na huo nao sijui niuweke wapi. Nikitoka bafuni huosha uso, natia udhu, nasali adhuhuri ikifika. Wakati mwingine nasema mimi nimeazimisha mwili tu, kama mtu anavyoazima ngazi ili apande. Wakati mwingine nasema nimekubali kukaa mahali pa Mungu, na hakuna neno zito kuliko hilo. Halafu kuna asubuhi nyingine, ambazo ndizo zinazonitisha, ninapotazama kioo cha lifti na kuziona nyusi zangu, na kuziona ni nzuri.

Mama yangu akipiga simu ananiuliza kama nimekwenda tena Makka, maana ni karibu. Nasema nitakwenda. Mwenzangu wa Kitale anasema niulize sheikh. Kumwuliza mtu uso kwa uso siwezi, ndiyo maana nimeandika.

Basi ninyi mliosoma mpaka hapa, naomba mniandikie. Kama mna elimu ya dini, niambieni nimefanya nini. Kama hamna elimu lakini mmewahi kumlisha mzee aliyekataa kula, niambieni pia. Andikeni kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa. Nasoma polepole vilevile, lakini nitasoma yote, na kesho asubuhi nina zamu tena.